Namna ya Kuchagua na Kurekebisha Kopo la Oili la Mashine ya Kukerezea

Mashine ya kukerezea inaweza kutiwa oili kila asubuhi na bado ikaendelea kulika kwa ukavu. Niliwahi kufungua keriji, yaani sehemu inayobeba kisu na kuteleza juu ya reli, ya mashine ambayo fundi wake hakukosa hata siku moja kuitia oili, nikakuta bushi ya shaba (pete ambayo mhimili huzunguka ndani yake) imekwisha upande mmoja, ilhali nje keriji yote ilikuwa inang'aa kwa oili. Kopo alilokuwa akitumia lilikuwa la kubonyeza kitako, ambalo hudondosha oili bila kuisukuma kwa nguvu, na gololi zinazofunika vitundu vya oili hazikuwahi kushuka. Tangu siku hiyo nimelihesabu kopo la oili kuwa sehemu ya mashine yenyewe.

Hatua ya 1: Kagua vitundu vya mashine yako. Zunguka mashine nzima ukiwa na tochi na kitambaa. Matundu yaliyo wazi, vikombe vyenye vifuniko vya springi, pamoja na reli za kitanda (fremu ndefu ambayo keriji huteleza juu yake), huhudumiwa vizuri na kopo lolote lisilovuja. Kitundu chenye gololi ni jambo jingine kabisa: gololi ndogo husukumwa juu na springi ili kuzuia vumbi na chenga za chuma, na oili haipiti mpaka gololi hiyo ishuke. Ikiwa mashine yako ina vitundu vya aina hii hata vitatu tu, hivyo ndivyo vitakavyoamua kopo la kununua.

Hatua ya 2: Chagua kopo lenye pampu na mrija mgumu. Ndani ya pampu nzuri mna pistoni pamoja na vali mbili, moja ya kuruhusu oili iingie na nyingine ya kuizuia isirudi. Mrija unaopindapinda huvutia dukani kwa kuwa hufika pembeni, lakini ukiukandamiza juu ya gololi hukwepa, na oili yote humwagika nje. Mimi huchagua mrija mgumu wa sentimita 15 hadi 20, uliopinda kidogo karibu na ncha.

Kabla ya kulipa, omba kopo litiwe oili kidogo, piga pampu mpaka hewa yote itoke, kisha ziba ncha kwa kidole na ubonyeze wenzo. Wenzo ukikataa kushuka, pampu ni nzima. Ukizama polepole, pistoni au vali inavuja, nawe utafute kopo jingine hata kama hilo ni la bei nafuu.

Hatua ya 3: Rekebisha ncha. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu makopo mengi huja na ncha ya duara isiyokaa sawasawa juu ya ukingo wa kitundu. Watu wengi hujaribu kuisukuma gololi kwa ncha iliyochongoka. Njia hiyo huichubua gololi, na mara nyingi gololi yenyewe huziba tundu la mrija. Tunachotaka ni ncha izibe ukingo kwa nje, halafu nguvu ya oili ndiyo iishushe gololi.

Njia rahisi ni kukata kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, chenye urefu wa milimita 15 hivi, na kukivika kwenye ncha kwa kukaza, kikitangulia mbele ya chuma kwa milimita 1 au 2. Kata kwa wembe mkali ili uso wa mpira uwe umenyooka. Usitumie kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa kuwa mpira wa kawaida huvimba na kulainika ukikaa ndani ya oili, ilhali ule wa petroli umetengenezwa kustahimili.

Mwenye mashine ya kukerezea anaweza kufanya vizuri zaidi. Chukua kipande cha shaba ya manjano chenye kipenyo cha milimita 10, kitoboe tundu la milimita 2 toka mwanzo hadi mwisho, kisha kereza upande wa mbele uwe mchongoko butu unaokaa ndani ya ukingo wa kitundu. Kwenye uso wa mbele kata mfereji mdogo kwa tupa nyembamba, ili gololi ikigusa ncha isizibe njia ya oili. Upande wa nyuma kata nyuzi za skrubu zinazolingana na za mrija wako. Zipime kwanza, maana makopo hayafanani.

Hatua ya 4: Tia oili inayofaa. Kwa reli na bushi za mwendo wa kawaida mimi hutumia oili ya ISO VG 68, na kwa spindo, yaani mhimili unaozungusha kitu kinachokerezwa, ile nyepesi ya VG 32, isipokuwa kitabu cha mashine kinaelekeza vinginevyo. Namba hizo zinaeleza uzito wa oili, yaani jinsi inavyotiririka kwa shida, ikiwa kwenye nyuzijoto 40. Oili ya injini ina sabuni zinazoshikilia uchafu uelee mpaka unaswe na chujio, na kwenye reli zetu hakuna chujio. Kila oili iwe na kopo lake, lililopakwa rangi tofauti.

Hatua ya 5: Hakikisha oili inafika. Zima umeme, kisha futa kila gololi kabla ya kuigusa, vinginevyo utasukuma chenga ndani kwa mkono wako mwenyewe. Kandamiza ncha wima, piga pampu mara mbili au tatu, halafu tazama upande wa pili: chini ya keriji au kwenye ncha ya bushi lazima utokee mstari wa oili. Usipotokea, kitundu kimeziba, mara nyingi kwa grisi iliyoganda iliyotiwa na mtu aliyedhani inadumu zaidi. Kioshe kwa mafuta ya taa ukitumia kopo hilohilo likiwa limesafishwa, kisha rudia kwa oili. Itakayotoka mwanzoni huwa nyeusi; endelea kupiga pampu mpaka itoke safi.