Kuchanganya dawa ya C-41 nyumbani isife baada ya siku mbili

Hivi karibuni kijana mmoja wa Tanga alinitumia picha ya chupa yake ya C-41, dawa ya kusafishia filamu za rangi. Aliichanganya Ijumaa ikiwa nyeupe kama maji ya dafu, na Jumapili ilikuwa chai ya rangi kabisa. Negativu zilitoka hafifu. Yeye alishuku CD-4 aliyouziwa, ile kemikali kuu inayotoa picha. Nikamuuliza swali moja tu: maji umeyatoa wapi? Akasema, kwenye AC.

Nililijua jibu hilo kwa sababu na mimi lilinigharimu roli nne za harusi ya binamu yangu. Mwongozo huu ni kwa ajili yake na kwa yeyote anayechanganya dawa hii mwenyewe huku Pwani.

Vipimo vya lita 1

Hivi ndivyo ninavyotumia:

- DTPA ya sodiamu (ya kufunga madini ya kwenye maji), kimiminika cha asilimia 40: gramu 2.5
- Potasiamu kabonati kavu: gramu 37.5
- Sodiamu salfaiti kavu: gramu 4
- Potasiamu bromaidi: gramu 1.5
- Potasiamu ayodaidi: miligramu 2
- Haidroksilamini salfeti: gramu 2.4
- CD-4: gramu 4.75

Waliozoea picha nyeusi na nyeupe huishangaa hiyo salfaiti. D-76, dawa yao ya kusafishia filamu, ina gramu 100 kwa lita, hii ina 4. Tafadhali usiiongeze ukidhani utairefushia dawa maisha. Kwenye filamu ya rangi, CD-4 ikishafanya kazi kwenye chembe za fedha hubadilika, na ile iliyobadilika ndiyo inayokutana na viungo vilivyomo ndani ya filamu kutengeneza rangi. Salfaiti nyingi huidaka njiani kabla haijafika, na rangi zinafifia. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuilinda dawa imeachiwa haidroksilamini, na ndiyo maana maji yana uzito kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 1: Maji

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu nzima.

Maji ya AC yanadanganya. Hayana chumvi, hayaachi ukoko kwenye birika, ukiyatazama kwenye glasi yanang'aa. Lakini yamechuruzika juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha kuiua dawa. Shaba haifanyi kazi ikaisha. Chembe ileile huisaidia oksijeni kuila haidroksilamini, kisha CD-4, halafu inarudia tena na tena. Chuma nacho huleta balaa, kwa hiyo maji ya bomba la zamani lenye kutu nayo usiyaguse.

Maji ya kisima yana shida yake. Ukitia kabonati kwenye maji magumu, yanageuka maziwa papo hapo: hiyo ni chokaa, na itaganda juu ya filamu. DTPA hufunga madini kiasi, lakini haikupi ruhusa ya kutumia maji yoyote. Mimi sichanganyi dawa bila DTPA hata nikiwa na maji bora kabisa.

Ninachotumia ni maji ya betri, yale yaliyokenekwa, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Angalia sana: asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo, kwenye chupa zinazofanana. Soma lebo, halafu ukifika nyumbani chovya karatasi ya pH. Ikikimbilia 1, hiyo ni asidi. Irudishe.

Maji safi ukishayapata, yachemshe dakika 10 kwenye sufuria ya chuma cha pua, yafunike, yaache yapoe hadi nyuzi 30 hivi. Kuchemsha kunafukuza oksijeni iliyoyeyuka humo. Usiyamimine kutoka juu yakatoa povu, maana utairudisha yote.

Hatua ya 2: Kabonati

Unyevu wa Pwani huingia kwenye kopo hata ukilifunga. Kabonati iliyoshiba maji ina takriban asilimia 16 ya maji, na hapo gramu 37.5 zako hazitoshi, ungehitaji karibu 45. Ikaushe kwenye oveni, nyuzi 200 kwa saa 2, kisha iweke kwenye chupa ya kioo.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Vaa glovu za nitrili na fungua madirisha. CD-4 huleta mzio wa ngozi ambao ukishakushika hauondoki, na haidroksilamini ni sumu kwa damu.

Anza na mililita 800 za maji, kisha fuata mpangilio wa orodha hapo juu. Kila kitu kiyeyuke kabisa kabla ya kinachofuata, CD-4 mwisho. Koroga polepole kwa kijiti cha kioo, usitikise.

Ayodaidi usiikisie kwa ncha ya kisu. Yeyusha gramu 1 kwenye lita 1 ya maji pembeni, halafu vuta mililita 2 kwa sirinji. Hizo ndizo miligramu 2 zako.

Jazia hadi lita 1. Pima pH kwa kipimo cha umeme kilichosawazishwa, dawa ikiwa nyuzi 25. Tafuta 10.0 hadi 10.1. Karatasi haitoshi hapa. Ikipungua, tone la potasiamu haidroksaidi. Ikizidi, tone la asidi ya salfuriki iliyozimuliwa.

Hatua ya 4: Kuhifadhi

Mimi siku hizi sihifadhi dawa iliyokamilika. Naweka chupa ya kabonati na wenzake, bila haidroksilamini wala CD-4. Hiyo hukaa miezi. Hizo mbili nazipima zikiwa kavu, kila moja kwenye kifuko chake, nafunga vizuri na kuweka kwenye friji. Siku ya kazi navitoa vifuko, naviacha vipate joto la chumba kabla ya kuvifungua visivute unyevu, halafu namimina.

Ukilazimika kuhifadhi iliyokamilika, tumia chupa ndogo za kioo za duka la dawa, zijazwe hadi shingoni. Usitumie chupa za soda hata siku moja. Mtoto ataiona kinywaji.

Hatua ya 5: Kusafisha

Nyuzi 37.8, dakika 3 na sekunde 15. Dawa za kung'arishia (bleach) na kugandishia (fixer) nunua tayari, na ununue mbili tofauti badala ya ile iliyounganishwa.

Lita moja naisafishia roli 8 za picha 36. Iliyotumika naiweka chupa yake peke yake, siirudishi kwenye mpya.

Yule kijana alichanganya upya Jumamosi kwa maji ya betri. Jana, siku ya kumi, amenitumia picha nyingine: bado unasoma gazeti kupitia chupa.