Usiandike noti, andika butoni: kupanga muziki wa klabu kwa fidla na tarumbeta, Lubumbashi

Hapa Lubumbashi ukisema "orkestra", watu wanawaza magitaa, atalaku (yule mpiga kelele za kuchangamsha) na wacheza shoo. Mimi nazungumzia ile nyingine: fidla nne, alto mbili (fidla kubwa kidogo), selo mbili, kontrabasi moja, halafu tarumbeta mbili, tromboni mbili na saksofoni alto moja tulizoazima kwa fanfara, bendi ya tarumbeta, ya parokia, na vijana wawili wa ngoma. Watu kumi na sita, kwenye ukumbi wa Katuba ambao umeme wake unakuja unapotaka.

Vijana ndio walioanza. Walichoka kupiga nyimbo zilezile kwenye harusi, wakataka muziki wa klabu unaotengenezwa kwa mashine: house, tekno. Nikaupanga wimbo mmoja kwa uaminifu wote, kila noti ya mashine nikaiweka kwenye partisio, yaani karatasi ya noti za vyombo vyote. Tulipoupiga, ulikuwa kama mtu anayesoma bei za soko kwa sauti. Noti zote zilikuwepo ila muziki haukuwepo.

Ilinichukua muda kuelewa sababu. Kwenye muziki huu akodi nne (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinaweza kurudiwa dakika sita bila kubadilika. Kinachobadilika ni sauti yenyewe: kuna mtu anazungusha butoni pole pole, sauti inafunguka, inafunga, inapumua. Mimi nilinakili noti nikaiacha butoni. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kuiandika butoni kwa upinde na kwa pumzi.

Jambo lenyewe si geni. Jeff Mills wa Detroit alipiga tekno yake na okestra ya Montpellier kule Pont du Gard, Ufaransa, mwaka 2005. Mwaka 2015 nyimbo za klabu za Ibiza zilipigwa na okestra ndani ya Royal Albert Hall, London. Na anayedhani okestra ni ya Wazungu, aende Kinshasa akaisikilize ile ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, ipo tangu 1994 na wengi wake walijifunza wenyewe kwa vyombo vya kuchangia.

Hatua ya 1: Chora kabla ya kuandika

Usishike chombo bado. Chukua karatasi na wimbo. House nyingi inakwenda kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika, na 128 ni tempo inayorahisisha hesabu: vipimo 32 vya mapigo 4 ni dakika moja kamili, vipimo 8 ni sekunde 15. Chora mstari, ugawe kwa vipimo 8, na kila kipande andika nini kimeingia na nini kimetoka. Chini yake chora mstari wa pili, wa butoni: unapanda pale sauti inapong'aa, unashuka pale inapofifia kama redio iliyo chumba cha pili. Huo mstari wa pili ni nusu ya kazi yako.

Wimbo wa dakika saba ukate mpaka nne. Klabuni watu wanacheza na hawana haraka, ila kwenye ukumbi wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Hatua ya 2: Chagua gamu kwa ajili ya watu wako

Using'ang'anie gamu (ngazi ya noti za wimbo) ya mashine, kwa sababu mashine haina vidole. Sisi tunapeleka karibu kila kitu kwenye sol mineri. Fidla ina uzi mtupu wa sol chini kabisa, unaita wenyewe. Kontrabasi inapata sol ya chini yenye kifua. Tarumbeta, ambayo inaandikiwa toni moja juu, inasoma la mineri bila diezi wala bemoli (alama za kupandisha na kushusha noti), na saksofoni alto inasoma mi mineri yenye diezi moja tu. Tromboni zinapenda bemoli tangu zamani. Mi mineri ingempendeza zaidi mpiga kontrabasi kwa sababu ya ule uzi wake wa chini, lakini hapo saksofoni inapewa diezi nne, na sura ya kijana wangu wa saksofoni akiona diezi nne naijua.

Partisio naiandika kwa MuseScore. Ni ya bure na inakubali kompyuta nzee. Ifungulie betri iliyojaa, na uhifadhi kila baada ya dakika chache. Delestaji, ule mgao wa umeme, haibishi hodi.

Hatua ya 3: Teke na besi

Lile pigo zito la mashine, "bumu bumu bumu bumu", ndilo naliita teke. Usimpe mtu mmoja. Ngoma kubwa ya fanfara ikipigwa wazi inavuma mno na kufunika pigo linalofuata. Tupia blanketi ndani au uikaze kitambaa usoni, ipigwe kavu. Halafu kontrabasi idonoe uzi kwa kidole palepale kwenye pigo. Ngoma inatoa uzito, kidole kinatoa ncha. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Yale mapigo ya katikati, "tsi" linaloangukia kati ya teke na teke, mpe mtu wa kayamba. Kama huna kayamba, mchele ndani ya kopo la maziwa unafanya kazi vizuri sana, wala sitanii.

Hatua ya 4: Fanya nyuzi zipumue

Ukisikiliza house vizuri utasikia akodi ndefu zinazama kila teke linapopiga, kisha zinainuka tena. Mashineni ni kompresa inayozisukuma chini ili teke lipite. Ndiyo inayofanya mwili uyumbe. Ukiwaandikia fidla noti ndefu iliyonyooka, unapata wimbo wa mazishi.

Namna yetu ni hii: gawa kila pigo sehemu nne. Sehemu ya kwanza nyuzi zinyamaze. Ya pili ziingie kwa sauti ndogo, zikue ya tatu na ya nne, kisha zikatike. Kila pigo hivyo hivyo. Upinde unasukumwa juu kila mara, kuanzia ncha kuja kwenye mkono, kwa sababu upinde ukipanda unakua wenyewe bila kuombwa. Wapige kwanza kwa mapigo 80 kwa dakika mpaka wote wapumue kama mtu mmoja, ndipo uongeze.

Hatua ya 5: Butoni yenyewe

Hapa ndipo pa kukaa. Ile filta ya mashine inaficha ung'avu wa sauti kisha inaufungua. Upinde una butoni hiyo hiyo: ni mahali unapougusisha. Karibu na shingo, juu ya ubao wa vidole, sauti ni ya moshi, haina makali. Sogea kidogo kidogo kuelekea daraja, inaanza kuwa na mwanga. Fika karibu kabisa na daraja, inakuwa ya chuma, inakwaruza kama bati. Noti ni ileile muda wote.

Kwa hiyo kwenye partisio naandika akodi nne zile, narudia vipimo 16, na juu yake navuta mshale mmoja mrefu: "shingo" upande wa kushoto, "daraja" upande wa kulia. Ni sekunde 30 za kusogeza upinde sentimita chache tu. Mara ya kwanza wote walifika darajani kwenye kipimo cha tano, maana mkono wa mtu una haraka. Nikawawekea alama: kipimo cha 4 robo ya njia, cha 8 nusu, cha 12 robo tatu. Mama wetu wa selo alibandika vipande vya plasta pembeni ya ubao ili ajue alipofika. Sasa karibu wote wamefanya hivyo, na mimi najifanya nilitoa wazo lile.

Tarumbeta nazo zina butoni yao: kizibo. Anza na kizibo ndani kabisa, kisha kitolewe pole pole. Kwa tromboni tunatumia bakuli la plastiki mbele ya mdomo wake, linafunguka na kufunga. Kwa ile besi ya tekno inayolia kama inabanwa koo, tromboni na bakuli inashinda chombo kingine chochote nilichojaribu, kwa sababu pia inateleza kutoka noti hadi noti kama mashine ilivyofanya.

Butoni ya tatu ni idadi ya watu. Fidla moja, kisha mbili, kisha nne na alto. Ni rahisi, na wengi wanaisahau.

Hatua ya 6: Mashine haichoki, mtu anachoka

Zile noti za mbio, nne kwa kila pigo: kwa tempo ya 128 ni noti 512 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni zaidi ya noti elfu mbili kwa mkono mmoja wa kulia. Nilimwandikia hivyo kijana wa alto. Dakika ya pili nikasikia nyuma yangu, "Yaya, mukono imekufa!", na kweli ilikuwa imekufa, upinde uko sakafuni.

Dawa nimeipata kwenye kisanji, kile chombo cha vichane vya chuma kinachopigwa kwa magumba. Mpiga kisanji hapigi wimbo wote kwa gumba moja: gumba la kulia linatia, la kushoto linajibu, na msikilizaji anasikia mto mmoja. Basi gawa noti hivyo. Fidla ya kwanza ipige noti ya 1 na ya 3, fidla ya pili noti ya 2 na ya 4. Au kundi moja lipige pigo zima kisha lipumzike pigo zima, kundi la pili lijaze. Waketishe pande mbili tofauti, na sauti itaanza kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, jambo ambalo DJ analitafuta kwa spika mbili.

Mpigaji wa kundi lazima asiwe na aibu. Akikosa noti yake asiirudie, aiache ipite. Akiirudisha, mto wote unakatika.

Hatua ya 7: Mwangwi

Haraka haraka: noti ipigwe na tarumbeta kwa nguvu, baada ya robo tatu za pigo irudiwe na saksofoni kwa nusu ya nguvu, kisha fidla kwa kudonoa, kisha alto kwa kudonoa isikike kwa shida. Watu watageuka kutafuta spika.

Hatua ya 8: Kupanda, kimya, dropu

Dropu ni pale teke na besi zinaporudi kwa kishindo. Kabla yake mashine inapanda kwa kelele. Sisi: fidla zinatetemesha upinde huku kidole kikiteleza juu polepole kwa vipimo 8, sahani ya shaba inapigwa mfululizo kwa vijiti vyenye kitambaa, ngoma ndogo inaongeza kasi. Teke limetoka zamani, tangu vipimo 16 nyuma, na besi pia. Lazima ziwe zimetoka, la sivyo hazitakuwa na mahali pa kurudi.

Halafu pigo moja la kimya. Hapo mwongozaji asitikise hata kidole. Sisi wapiga vyombo ni waoga wa kimya, mkono ukisogea tu mtu mmoja ataingia mapema, na kwa kawaida ni tromboni. Mpiga ngoma wangu anavaa kisikizi chenye metronomu sikio moja. Wengine wote wanamtazama yeye, hata mimi.

Dropu yenyewe usiijaze. Kosa langu la zamani lilikuwa kuwapa wote kumi na sita akodi nene. Sasa: teke, besi, na wimbo mmoja tu kwa oktava, tarumbeta juu, selo chini. Nyuzi nyingine zipumue kama hatua ya 4.

Hatua ya 9: Viti

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ngoma ikiwa mita 10 mbali na kontrabasi, inachelewa karibu robo ya noti moja ya mbio. Teke linakuwa mateke mawili. Waketishe bega kwa bega, kontrabasi na ngoma, hata kama padri anasema haipendezi machoni. Na kanisa kubwa lenye mwangwi linazimeza noti za mbio zote. Humo punguza tempo mpaka 118, kayamba isogezwe mbele, tromboni zigeukie pembeni.

Ukitaka kuuza tiketi au kuweka video mtandaoni, muziki una mwenyewe. Ulizia SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, kuhusu ruhusa kabla, usingoje waje wao.

Mwisho, kama mnapiga nje mwezi wa nane, jueni upepo. Leteni vibanio vya nguo, viwili kwa kila mtu, kimoja juu ya karatasi na kimoja chini. Na kila fidla irekebishwe sauti upya baada ya kila wimbo, maana kiangazi chetu kinalegeza vigingi vya mbao.