Kuwa mpiga piano wa konsati kwa mtindo wa Warusi ukiwa Nairobi: anzia hapa

Kuna vijana wengi Nairobi wanapiga piano kanisani vizuri sana, halafu siku moja wanasikia Richter ama Gilels, wapiga piano wakubwa wa Muungano wa Sovieti, kwa YouTube na wanauliza hawa watu walifundishwa nini hadi piano inaimba hivyo. Naandika venye njia yenyewe iko, kuanzia hapa nyumbani, juu sehemu kubwa ya ile shule ya Kirusi, yaani njia yao ya kufundisha, haihitaji visa.

Kwanza ni sauti, vidole vinafuata. Heinrich Neuhaus, aliyeanza kufundisha Moscow Conservatory (chuo cha muziki) 1922 na ndiye alikuwa mwalimu wa Richter na Gilels wote wawili, alitaka mwanafunzi awe na muziki kichwani kabla hajagusa piano. Kwa hivyo kabla upige melodi yoyote, iimbe. Na hapa sisi tuko na mali ambayo hatuihesabu, juu mtu ameimba alto kwa kwaya tangu utotoni na solfa (do, re, mi) anaisoma bila shida. Kule Urusi mtoto wa shule ya muziki hasomi piano peke yake, anasoma solfejio (kusoma na kuimba nota kwa majina yake) na anaimba kwaya pia. Tofauti ni kwamba do yetu inahama wimbo ukibadilisha kii, ya kwao inakaa C siku zote. Usitupe yako, ongeza ya kwao: chukua wimbo ulio F, uimbe vile umezoea ukianzia do, halafu uimbe tena ukiita hiyo hiyo nota fa. Fanya hivyo kila siku kidogo kidogo na sikio litabadilika.

Halafu mkono. Watoto wa Kirusi hawaanzi na vidole vitano kukimbia juu chini, wanaanza na kidole cha tatu peke yake, nota moja moja ambazo haziungani. Achilia mabega, mkono mzima ushuke na uzito wake kutoka begani, ncha ya kidole iwe imara lakini kifundo cha mkono kiwe laini, na nota ikishalia usiendelee kukandamiza, juu nyundo ishagonga waya na kurudi, hiyo nguvu yote ya ziada haiongezi sauti hata kidogo, inabaki kwa mkono wako na ndio inaleta maumivu. Sikiliza nota mpaka ife yenyewe. Ukizoea, ndio unaingia legato, yaani nota zinazoungana, uzito unahama kutoka kidole kimoja hadi kingine bila mkono kushtuka. Hata kama uko gredi 6 ya mitihani ya piano tafadhali rudi hapa, wiki chache tu, utasikia tofauti kwa kila kitu unapiga.

Shida ni kwamba kibodi nyepesi ya kii 61 haiwezi kukuonyesha haya, haina uzito wa kukujibu. Tafuta digital ya kii 88 zenye uzito, ukiwa flati unavaa hedifoni na jirani analala. Lakini sauti yenyewe ya nyaya na mbao utaijua kwa piano halisi tu, so ongea na kanisa ama shule yenye piano wakupee masaa ya katikati ya wiki wakati hakuna mtu. Piano halisi pia haijali stima ikipotea. Ukibahatika kununua ya mitumba, enda na fundi wa kutune aikague kabla ulipe, na aje kama mara mbili kwa mwaka, juu mbao zinavimba mvua ikikuja na kukauka kiangazi.

Mazoezi ndio mahali watu wengi wanapotea. Piga pole pole kuliko vile unadhani ni pole pole. Mpiga piano Mmarekani, Abram Chasins, alisimulia venye alifika kwa Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano Mrusi, akamsikia ndani akifanya mazoezi ya etyudi (kipande cha kufundisha ufundi) ya Chopin taratibu sana hadi ilimchukua muda kuitambua, na huyo ni Rachmaninoff, mtu ambaye vidole vyake havikuwa na shida yoyote. Mkono wa kushoto ujue kivyake, kwa kichwa. Ukipiga invention ya Bach (vipande vifupi, ziko 15 za sauti mbili), imba sauti ya juu huku unapiga ya chini, kisha ubadilishe. Ni ngumu, utakwama, lakini hakuna zoezi naliamini kuliko hili.

Za kupiga: ukiwa chini anza na ile albamu ya watoto ya Tchaikovsky, Op. 39 ya 1878, vipande 24 vifupi na kila kimoja kinataka sauti yake. Mazoezi ya Czerny kwa vidole, baadaye etyudi za Chopin. Gredi 8 ya ABRSM (mitihani ya muziki ya Uingereza) ni kitu kizuri ila haitoshi, juu odisheni ya konsavatori kawaida inataka priludi na fyugi ya Bach (kipande cha utangulizi na kingine ambapo sauti zinafuatana), etyudi, sonata ya Haydn, Mozart ama Beethoven, na kipande kikubwa cha kiromantiki, yote kwa kichwa.

Mwalimu muulize alifundishwa na nani na usikilize wanafunzi wake. Kenya Conservatoire of Music iko hapa tao, anza kuulizia hapo. Si lazima awe Mrusi. Van Cliburn alishinda shindano la kwanza la Tchaikovsky pale Moscow 1958 na alisomea New York, lakini mwalimu wake Rosina Lhévinne alikuwa ametoka Moscow Conservatory. Na kama unaogopa umri, Richter alienda kwa Neuhaus 1937 akiwa na miaka 22, ila kumbuka kabla ya hapo alikuwa anapigia waimbaji piano kwa opera ya Odessa, kusoma nota alikuwa ameiva kitambo. Mashindano makubwa ndio yana mipaka, lile la Chopin kule Warsaw ni miaka 16 hadi 30.

Kuhusu pesa niwe wazi, ni wachache sana wanaishi kwa konsati pekee. Pigia waimbaji na wanafunzi wa mitihani, fundisha, na usione hiyo ni kazi ya chini, inakufundisha kusikiliza. Ukitaka kwenda kabisa, serikali ya Urusi huwa inatoa skolashipu kwa Wakenya, na usiyejua Kirusi unaanza na mwaka wa lugha unaoitwa podfak, so anza kusoma herufi zao sasa hivi.

Video ya odisheni: fundi wa kutune aje siku moja kabla, simu iwe mbali kidogo na piano sauti isipasuke, mikono na uso vionekane, kila kipande mwanzo hadi mwisho bila kukata. Na kabla hiyo siku, pigia watu programu nzima angalau mara tatu, nyumbani, kanisani, popote, juu kumbukumbu inajaribiwa mbele ya watu.