Jinsi ya kuomba mkataba wa makaa ya mawe ya Mui bila kuzungushwa kati ya Kitui na Nairobi

Makaa ya mawe yaliyo chini ya shamba lako katika Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui, yako mikononi mwa serikali kuu. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 62 cha Katiba. Lakini barabara za kaunti na mipango ya ardhi ni kazi ya Kitui, na Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha (ada anayolipa mchimbaji kwa madini), jamii asilimia 10, serikali kuu asilimia 70. Hapo ndipo wanapovutana, na mwananchi anayeuliza kilichokubaliwa huambiwa aende kule kwingine. Usiende. Peleka barua.

Itaje Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 na kifungu cha 35 cha Katiba. Andika kwa Kiswahili ukipenda, sheria inaruhusu. Mzee asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, afisa amwandikie. Sema wewe ni raia; sababu zako hulazimiki kuzieleza.

Kazi kubwa ni kuzitaja stakabadhi zenyewe. Barua ya "naomba habari za makaa" ni rahisi kuipiga chenga. Andika hivi: moja, mkataba wa vitalu C na D (sehemu za bonde hilo) uliopewa kampuni ya Fenxi ya Uchina, mbili, ripoti ya athari kwa mazingira, tatu, orodha ya watakaofidiwa, nne, kumbukumbu za mikutano ya Wizara ya Nishati na kaunti. Zipe nambari, ili wakikunyima moja wasipate kisingizio cha kuzuia zote.

Mimi ningeanza na wizara, kwa kuwa mkataba ni wa serikali kuu. Beba nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Huo muhuri ndio silaha yako. Ofisi ikidai karatasi ziko kwa kaunti, sheria inaipa siku 5 za kulihamisha ombi yenyewe, na ikilihamisha lazima ikujulishe. Kuomba ni bure. Utalipia kunakili tu.

Jibu lije ndani ya siku 21, na wanaweza kuongeza 14 mara moja. Wakinyamaza, kisheria wamekataa. Basi una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ukiwa na ile nakala yenye muhuri.