Jinsi ya kuomba ruzuku ya kutunza nywila za skuli

Walimu wenzangu wa Pemba, skuli niliyosomesha zamani ilikuwa na nywila zake zote kwenye daftari moja, ndani ya mtoto wa meza wa mwalimu mkuu. Barua pepe, usajili wa mitihani, wai-fai, zote humo. Mwalimu aliyelishughulikia akahamishiwa Unguja, na tulipolifungua tukakuta nusu ya nywila alishazibadilisha bila kuandika mpya. Siku mbili tulishinda tukimpigia simu huku muda wa usajili unakwisha. Ndipo nilipoanza kuandika maombi ya ruzuku.

Hatua ya 1. Kaeni na karani na mhasibu, muorodheshe kila akaunti ya skuli: ya kazi gani, nani anaijua, ilibadilishwa lini. Nywila zenyewe msiziandike hapo.

Hatua ya 2. Chagueni programu ya kutunza nywila kabla ya kutaja pesa. Hapa ndipo ombi linapoharibika: skuli inaomba leseni za mwaka mmoja, mwaka ukiisha hakuna wa kulipa. KeePassXC ni ya bure, na huweka nywila zote katika faili moja iliyofungwa kwa nywila kuu, ndani ya kompyuta yenu wenyewe, bila kuhitaji intaneti. Kwa skuli ambayo bando haifiki mwisho wa mwezi, hilo ni jambo kubwa. Bitwarden nayo ina toleo la bure, ila kutumia pamoja bila malipo huishia watu wawili. Chuo chenye fundi na seva kinaweza kuiendesha chenyewe.

Hatua ya 3. Pesa iombeni kwa ajili ya watu. Nauli ya walimu kutoka Micheweni na Mkoani, chakula cha mchana, posho ya mkufunzi, flashi mbili za nakala ya akiba. Mfadhili atauliza ruzuku ikiisha itakuwaje, nanyi mtakuwa na jibu: programu haina ada, na wanaoijua ni zaidi ya mmoja.

Hatua ya 4. Elezeni nywila kuu itatunzwa vipi. Ikipotea, hata waliotengeneza programu hawawezi kuifungua faili. Sisi tuliiunda kwa maneno sita yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu, yasiyohusiana hata kidogo. Tukayaandika kwenye karatasi, tukaitia ndani ya bahasha, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya skuli wakatia saini juu ya gundi, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bahasha. Ikifunguliwa, saini zitaonesha. Bahasha hukaa kwenye sefu.

Ambatanisheni barua ya kamati, mpeleke.

Pesa ikiingia, msihamishe nywila za zamani kama zilivyo. Badilisheni zote, mkianza na barua pepe, maana mwenye barua pepe ya skuli anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Daftari lichomeni siku hiyohiyo.