Oili nyekundu si moja: kuchagua ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya gari la zamani

Benzi la marehemu mume wangu, 230E ya mwaka 1983, nimelirithi likiwa zima na kwa miaka kumi na mmoja limenitia hasara ya maana mara moja tu. Haikuwa injini. Ilikuwa chupa ya soda iliyojaa oili nyekundu.

Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa zabibu, natoka Mpunguzi na makreti yangu kuelekea Dodoma mjini. Giaboksi ikaanza kusitasita: naweka D, gari linawaza kwanza, halafu linaondoka kwa kushtuka. Nikasimama kwa fundi wa kando ya barabara. Akachomoa kijiti cha kupimia, akatikisa kichwa. "Mama, ATF imepungua hii." Akaleta chupa, akamimina, akafuta mikono. Nikamuuliza ni oili gani. "Ya otomatiki, mama. Si unaiona nyekundu?"

Kabla sijafika mjini povu lilikuwa limetoka kwenye mrija wa kijiti na kutapakaa kwenye injini. Kilichokuwa ndani ya ile chupa sikijui mpaka leo. Ninachojua ni bei ya pleti mpya za klachi.

Kwa hiyo nianzie hapo. Wekundu ni rangi tu iliyotiwa kiwandani ili oili ikivuja uitofautishe na ya injini. Haukwambii kilichomo. Oili ya haidroliki ya mitambo nayo yaweza kuwa nyekundu. Usinunue oili ya kupimwa kwenye dumu lililo wazi, hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Kabla ya kwenda dukani, jua giaboksi yako ni ipi, si gari lako ni lipi tu. Kitabu cha gari kikiwepo kwenye droo ya dashibodi, fungua ukurasa wa vilainishi. Kama kimepotea, ingia chini ya gari na tochi na tambara, ufute ubavu wa giaboksi juu ya sampu, ile sinia ya oili iliyo chini yake. Namba ipo pale. Langu ni 722.3, na Mercedes waliitengeneza kwa Dexron II, aina mojawapo ya ATF.

Hapa ndipo pa kutulia. Ndani ya giaboksi ya otomatiki pleti za klachi zinaogelea kwenye oili, na oili ndiyo inayoamua zishikane vipi. Dexron, ambayo General Motors waliitoa mwaka 1967, ina kilainisho kinachofanya pleti zishikane polepole, gia ibadilike bila mshtuko. (Zamani kilainisho hicho kilitoka kwenye mafuta ya nyangumi, mpaka Marekani walipopiga marufuku miaka ya 1970. Nilipomsimulia fundi wangu alicheka mpaka akakaa chini: nyangumi na Wagogo wapi na wapi.) Ford nao mwaka huohuo wa 1967 wakaja na Type F, ambayo haina kilainisho hicho. Pleti zinakamatana haraka na kwa nguvu.

Ukitia Type F kwenye giaboksi ya Dexron, kila gia itaingia kama umepigwa teke mgongoni. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaanza kimyakimya. Jirani yangu ana Volvo 144 ya 1972 aliyouziwa na Mswidi aliyekuwa anarudi kwao. Giaboksi yake ni Borg-Warner 35, ya Type F. Mtu akamwekea Dexron, na kwa wiki kadhaa jirani akasifu gari limekuwa laini. Ulaini wenyewe ulikuwa kuteleza: injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo, pleti zinaungua taratibu. Type F ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja na basi. Ilibidi kumwaga na kujaza mara mbili, maana nyingi ya oili ya zamani ilikuwa imebaki kwenye toki konveta, kile chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi.

Sasa dukani. Chupa ya Dexron utaipata karibu kila duka la spea Dodoma, kwa sababu Toyota nyingi hutumia hiyohiyo kwenye steringi. Usishangae ukikosa iliyoandikwa Dexron II. Dexron III inaziba nafasi yake bila taabu, na ndiyo ninayotumia. Ila jambo moja: General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Kopo linalosema Dexron III leo linasimama kwa neno la kampuni iliyolijaza, kwa hiyo chagua kampuni unayoijua na kopo lenye sili ambayo haijaguswa. Dexron VI ni nyepesi zaidi. General Motors wenyewe wanasema inafaa mpaka magari ya zamani, lakini kwa giaboksi ya miaka arobaini yenye oilsili (mipira ya kuzuia kuvuja) zilizokakamaa, na joto letu la Oktoba, mimi siitaki.

Muuzaji atakuletea pia oili za Toyota za T-IV au WS, au ya CVT (giaboksi isiyo na hatua za gia), akisema "hii ya kisasa, mama, bora zaidi." Hizo zilitengenezewa giaboksi nyingine kabisa. Mrudishie kwa heshima. Makopo yanayodai kufaa magari yote yasome mgongoni kwa maandishi madogo. Kama gari lako ni la Type F, jina hilo lazima liwepo, na mara nyingi halipo.

Kabla ya kumimina chochote, tazama oili iliyomo. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia kidogo, sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, pleti zimeshaumia, na oili mpya haitazifufua. Ikiwa ya waridi yenye maziwamaziwa, maji ya rejeta yameingia, zima gari hapo ulipo. Na wenye Benzi kama langu: oili ikipungua bila tone sakafuni, huku ekzosi ikitoa moshi mweupe, angalia moduleta ya vakyumu, kile kifaa cha giaboksi kilichounganishwa kwa mrija na mvuto wa hewa wa injini. Ngozi yake ikitoboka, injini hunyonya oili ya giaboksi na kuichoma.

Wakati wa kubadilisha, badilisha chujio na gasketi ya sampu pia. 722.3 ina nati ya kumwagia kwenye toki konveta. Zungusha injini kwa mkono mpaka ije chini. Pima ulichomwaga. Rudisha lita nne kwanza, washa injini, pitisha mkono wa gia kila mahali ukiwa umekanyaga breki, kisha ongeza kidogokidogo.

Kipimo cha mwisho ni cha moto. Mimi huenda mpaka Ihumwa na kurudi, nasimama pa tambarare (Dodoma hapo tumejaliwa), mkono wa gia kwenye P, injini ikinguruma, ndipo nachomoa kijiti na kukifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Alama ya chini na ya juu zinatofautiana kwa theluthi ya lita tu, kwa hiyo usimimine kama unayemwagilia mchicha. Ikizidi, inapigwapigwa na kutoa povu, na povu haliwezi kusukuma pleti. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, na Mitsubishi nyingi za zamani hupimwa gia ikiwa frii, basi usimwige mwenye Benzi.

Kwenye shingo ya kijiti changu nimefunga kipande cha bati kwa waya. Nimekigongea kwa msumari: DEXRON III, MOTO, P. Fundi yeyote atakayefungua boneti nikiwa sipo atakikuta mkononi kabla hajafika kwenye chupa yake.