Kutoka Neno hadi Dhamira: Namna ya Kufasiri Shairi na Hadithi Fupi

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ninapofundisha uhakiki ni msomaji kuikimbilia dhamira kabla ya kuyasoma maneno. Anamwona mama katika mshororo wa pili, anaandika "mapenzi ya mama", kisha anarudi kwenye shairi kutafuta ushahidi wa jambo alilokwisha kuliamua. Katika mwongozo huu dhamira itakuja karibu na mwisho, kwa sababu ndiyo inayopaswa kuzaliwa na hatua nyingine zote. Ili tuwe na matini moja mbele yetu, nimetunga beti hizi mbili:

Mlango wa nyumba ile, haufungwi asilani,
Mama yupo palepale, katupa macho njiani,
Taa yake ni ya kale, huiwasha dirishani,
Mafuta si ya milele, utambi u mashakani.

Mlango wa nyumba ile, umefungwa toka ndani,
Kiti kipo palepale, hakuna mtu kitini,
Taa yake ni ya kale, naishika mkononi,
Mafuta sasa telele, wa kungojewa ni nani?

Hatua ya kwanza: eleza tukio kwa lugha ya kawaida

Lisome shairi kwa sauti mara mbili bila kuandika chochote, kisha andika kwa nathari nani yuko wapi na anafanya nini. Mama amekaa akitazama njia, mlango uko wazi na taa inawaka dirishani ingawa mafuta yanakaribia kuisha; baadaye mlango umefungwa, kiti ni kitupu, na mtu mwingine anaishika taa ile. Maneno yaliyofupishwa ili kutosheleza mizani, kama "katupa" kwa maana ya "ametupa", yafungue hapa ili yasikupotoshe baadaye. Asiyeweza kueleza tukio kwa lugha ya kila siku asiguse ishara hata moja.

Hatua ya pili: tafuta kilichorudiwa na kilichobadilika

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, nami naishauri kwa moyo wote. Ziweke beti mbili bega kwa bega na upige mstari chini ya kila neno lililorudi. "Mlango wa nyumba ile" limerudi lilivyo, "palepale" limerudi, na "taa yake ni ya kale" limerudi neno kwa neno. Sasa zungushia duara kila kilichobadilika: "haufungwi" imekuwa "umefungwa", "mama" amekuwa "kiti", "dirishani" pamekuwa "mkononi", na mafuta yaliyokuwa haba yamekuwa telele. Takriri humfanya msomaji atarajie jambo lilelile, na mabadiliko huyavunja matarajio hayo. Maana hukaa zaidi pale yanapovunjika. Mama hatajwi kufa popote, lakini neno "palepale" lililokuwa lake limehamia kwenye kiti, na uhamisho huo unatuambia yote.

Katika hadithi fupi fanya vivyo hivyo kwa kulinganisha aya ya kwanza na ya mwisho. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alidai kwamba hadithi inayosomwa kwa kikao kimoja inapaswa kuelekeza kila neno kwenye athari moja tu. Si kila hadithi hufuata kanuni hiyo, lakini inamkumbusha msomaji aulize kwa nini kitu kidogo kimepewa nafasi mahali penye nafasi finyu.

Hatua ya tatu: uliza ni nani anayesema

Usimchanganye mtunzi na nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, wala mwandishi na msimulizi. Katika ubeti wa kwanza hakuna "mimi", na tunadhani tunasimuliwa na mtu aliyesimama mbali. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kinajitokeza mara moja tu, katika "naishika", na papo hapo shairi zima linageuka: msemaji yumo ndani ya nyumba, na huenda yeye ndiye aliyeufunga mlango. Ukikipita kiambishi hicho cha silabi moja, umelipita shairi.

Hatua ya nne: ipime ishara ndani ya matini

Miaka ya 1920, I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Miongoni mwa udhaifu aliouona, na kuueleza mwaka 1929, ni majibu ya akiba: msomaji hukutana na kitu anachokifahamu, akatoa hisia aliyokuja nayo badala ya ile inayotokana na shairi. Orodha zinazosema kwamba taa ni tumaini na giza ni ujinga huzalisha majibu ya namna hiyo.

Sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine, huondoka pamoja na sentensi yake, ilhali ishara hubaki kuwa kitu halisi katika tukio huku ikibeba maana zaidi. Kwa hiyo fuatilia kwanza kazi ya kitu hicho. Taa ya dirishani humwangazia aliye njiani, na taa ya mkononi humwangazia aliyeishika. Maana yake imehama kutoka kumwita mwingine hadi kubaki peke yako na mwanga. Tafsiri hiyo imetokana na viambishi vya mahali vilivyomo katika beti. Hakuna orodha ambayo ingetupatia.

Hatua ya tano: soma mtindo kama uamuzi

Mtu ataniambia kwamba "ile" imewekwa kwa ajili ya kina tu. Ni kweli kwamba kina cha kati, yaani silabi inayojirudia katikati ya mishororo, kinadai "le", na ni haki kuwa na tahadhari hiyo. Hata hivyo, kiashiria hicho cha mbali kinafanya kazi: msemaji yumo ndani ya nyumba na bado anaiita "nyumba ile". Kanuni ya umbo inaweza kumsukuma mtunzi kwenye neno, lakini neno likishakaa katika mshororo, maana yake haiwezi kuzuiwa. Kwa shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, chunguza mstari unakatwa wapi na neno lipi limeachwa mwishoni.

Katika nathari, anza na vitenzi. Linganisha sentensi hizi mbili: "Aliingia akiwa na huzuni kubwa kwa sababu ya kifo cha mumewe," na "Aliingia, akavua viatu, akavipanga kando ya viatu vya marehemu." Ya pili haina neno la hisia, mfululizo wa "-ka-" unaonesha mazoea yasiyokatika, na neno la mwisho pekee ndilo linalofichua msiba.

Hatua ya sita: andika dhamira kama sentensi inayoweza kupingwa

"Kungoja" ni mada. Dhamira ni kile kinachosemwa kuhusu kungoja, na kinahitaji sentensi kamili. Ninaandika: anayerudi akiwa amechelewa huirithi taa ya aliyemngoja, lakini hawezi kuirithi kazi yake. Mwingine anaweza kusema kwamba msemaji ni mtoto aliyebaki nyumbani na sasa ameamua kuacha kungoja. "Umefungwa toka ndani" inaunga mkono tafsiri zote mbili. Mimi naelemea ya kwanza kwa sababu ya "mafuta sasa telele", ambayo inaashiria mtu aliyekuja na uwezo ambao nyumba haikuwa nao.

Hatua ya saba: andika aya yako

Dai moja, maneno ya matini yaliyonukuliwa, kisha maelezo ya jinsi maneno hayo yanavyolithibitisha dai. Kwa mfano: "Swali la mwisho linaugeuza wingi kuwa hasara. Katika ubeti wa kwanza yupo wa kungoja na mafuta ni haba; katika wa pili 'mafuta sasa telele', lakini nafsineni anauliza 'wa kungojewa ni nani?' Kauli ya kutendwa katika 'kungojewa' inamweka katikati mtu ambaye hayupo, na swali linaachwa bila jibu kwa sababu aliyeweza kulijibu alikuwa kwenye kile kiti."